Kuifufua 1HZ iliyochoka: mwongozo wa ovahoo kwa wenye Land Cruiser za zamani Dodoma

Injini ya 1HZ ilianza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, na hadi leo ndiyo inayovuta sehemu kubwa ya hardtop na pikapu unazokutana nazo kati ya Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Bahi. Ni dizeli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa cc 4,164, haina turbo wala kompyuta, na uvumilivu wake unajulikana kwa kila fundi. Uvumilivu huohuo ndio unaowaponza wenye magari, kwa sababu 1HZ huendelea kutembea miaka miwili au mitatu baada ya injini nyingine kukata tamaa. Siku inapokuja kufunguliwa, kilichokuwa tatizo la ringi za pistoni kimeshakuwa tatizo la bloku nzima, yaani mwili wenyewe wa injini.

Mwongozo huu ni kwa mwenye gari anayetaka kusimamia ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifunga upya, akiwa na fundi wake, siyo kwa anayetaka kuacha funguo gereji na kurudi baada ya wiki mbili.

Pima kabla ya kushusha

Moshi peke yake si sababu ya kushusha injini. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli au filta ya hewa iliyoziba, na moshi mweupe wa asubuhi unaweza kuwa plagi za joto tu. Unaotia shaka ni moshi wa bluu unaoendelea gari likiwa limepata moto, hasa ukiambatana na kile mafundi wanachokiita injini kupumua: unafungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na mvuke unatoka kwa vishindo kama sufuria ya ugali inayotokota.

Baada ya hapo pima presha ya silinda. Injini iwe na moto wa kawaida, betri iwe na nguvu, waya wa solenoidi ya kuzima dizeli uchomolewe ili injini isiwake, na plagi za joto zote sita zitolewe. Geji ifungwe kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, starta izungushwe mpaka mshale usimame, kisha uendelee silinda kwa silinda ukiandika kila namba kwenye daftari. Geji ya injini ya petroli haifai hapa, kwa kuwa mshale wake utafika mwisho wa kipimo na pengine kuharibika.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwenye usawa wa bahari, 1HZ mpya husoma zaidi ya psi 500 (psi ni kipimo cha presha), na namba hiyo ndiyo utakayoikuta imeandikwa kila mahali. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na injini ileile itasoma karibu 460 bila kuwa na ugonjwa wowote. Nimeona injini nzima zikihukumiwa kushushwa kwa sababu hii tu. Ndiyo maana mimi hutazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda: zikiwa zote zimekaribiana, hata kama ziko chini kidogo, gari linaweza kuvumilia msimu mmoja zaidi, lakini moja ikiwa chini ya wenzake kwa psi 70 au zaidi, usiendelee kujidanganya.

Silinda ikionekana dhaifu, usikimbilie hitimisho. Ilete pistoni yake juu, mahali ambapo valvu zote mbili zimefunga, zuia injini isizunguke, ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, kisha sikiliza. Upepo ukitokea kwenye mdomo wa oili, ringi au silinda zimelika. Ukitokea kwenye njia ya hewa au kwenye egzosi, tatizo ni valvu, na huenda kazi ikaishia kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Mapovu yakipanda kwenye rejeta, gasketi imeungua au hedi ina ufa. Dakika 20 za kusikiliza zinaweza kukuokolea gharama ya pistoni sita.

Tafuta aliyeiua

Injini ya Land Cruiser haizeeki bila sababu, na huku kwetu sababu ni mbili: vumbi na kuchemsha. Usipojua ni ipi iliyoimaliza, injini mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

Kabla hujafungua chochote, toa mpira mnene unaounganisha nyumba ya filta ya hewa na injini, kisha pitisha kidole ndani ya bomba upande wa injini. Kidole kikitoka kikavu, au na mafuta meusi kidogo, filta inafanya kazi yake. Kikitoka na tope laini jekundu, rangi ileile ya barabara ya vumbi iliyo nje ya gereji, umeshampata muuaji. Ovahoo yangu ya kwanza ilidumu kiangazi kimoja tu. Pistoni zilikuwa nzuri na fundi alikuwa makini, lakini mpira huo ulikuwa na mpasuko kwenye mkunjo wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na mtu aliyenitangulia alikuwa ameubana kwa waya wa kufungia nondo badala ya klipu. Kufikia Oktoba gari lilikuwa linakula lita moja ya oili kwa kila kilomita 500.

Kwa upande wa kuchemsha, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa na utazame ndani. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, yana chumvi, na utando mweupe unaouona kwenye birika la chai nyumbani ndio unaojijenga ndani ya rejeta na kuzunguka silinda. Angalia pia kama themostati ipo. Wengi huitoa wakiamini kwamba injini itapoa vizuri zaidi, lakini 1HZ isiyo na themostati hutembea baridi safari fupi zote, dizeli isiyoungua vizuri huosha kuta za silinda, na ringi hulika mapema.

Kushusha na kufungua

Osha injini kwa nje kabla ya kulegeza boliti ya kwanza, kwa kuwa mchanga ulioganda kwenye bloku utaishia ndani. Mwaga maji na oili, na oili uichuje kwenye kitambaa ili uone kama ina chembe za shaba au alumini, kwa maana hizo ndizo habari za beringi na pistoni. Piga picha za kila waya na kila paipu kwa simu. Boliti za kila sehemu ziwekwe kwenye mfuko wake wenye maandishi.

Injini hii ni nzito kupita kiasi cha kushikiliwa na vijana wanne na bomba la chuma. Tafuta cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti imara au kreni ya gereji, na mtu yeyote asiweke mkono chini yake ikiwa inaning'inia.

Wakati wa kufungua, usichanganye vitu vilivyozeeka pamoja. Vifuniko vya beringi za meni (zinazoshika kranki, mhimili mkuu wa injini) na vya koni rodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) vina mahali pake na upande wake, hivyo vipige alama ya namba kabla ya kuvitoa. Tapeti na shimu zake (vibamba vya kurekebisha nafasi za valvu) zipangwe kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa silinda, kazi ambayo trei hiyo huifanya vizuri kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kuchonga: mahali ambapo pesa huokolewa au hupotea

Kipenyo cha silinda ya 1HZ ni milimita 94. Mpimaji mwenye saa ya kupimia silinda apime kila moja kwenye vimo vitatu, yaani juu (chini kidogo ya mahali ringi ya kwanza inapogeukia), katikati na chini. Kila kimo kipimwe mara mbili, upande wa mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Hizo ni namba 36, na ninaomba uzione zikiandikwa. Injini iliyokula vumbi huonyesha ulaji mkubwa juu na mdogo chini, na mara nyingi ukucha utakwama kwenye ukingo uliobaki juu kabisa ambako ringi hazifiki. Ukucha ukikwama namna hiyo, ringi mpya pekee hazitasaidia, na anayekwambia utie ringi tu uendelee na safari anakuuzia miezi sita.

Silinda zikichongwa, zote sita zipelekwe saizi moja ya juu, kwa kawaida milimita 0.50. Na hapa ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pengine popote: pistoni ziwe mezani kabla mashine haijawashwa. Karakana moja iliwahi kunichongea bloku kwa saizi ya kukisia wakati pistoni zangu bado zilikuwa kwenye basi kutoka Kariakoo, na zilipofika, kila moja ilikuwa na nafasi iliyozidi kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Gari liliwaka, lakini kila asubuhi liligonga kama mtu anayebisha hodi kwa funguo mpaka lipate moto. Mchongaji alisema ndivyo dizeli zilivyo. Bloku ilirudi mashineni kwa saizi inayofuata, na gharama ikawa yangu.

Pistoni zenyewe zikifika, zipime uzito kwenye mizani ya kidijitali ya dukani. Seti nzuri hutofautiana kwa gramu chache tu, na ukikuta moja imezidi nyingine kwa gramu 15, hiyo si seti bali ni mkusanyiko.

Baada ya kuchonga, silinda hupigwa hooni ili kuacha mikwaruzo myembamba inayokatana, ambayo kazi yake ni kushika oili. Vumbi la jiwe la hooni ni baya kuliko vumbi la barabara yoyote. Bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ndani ya silinda kitoke cheupe, kisha ipakwe oili palepale kabla haijaanza kushika kutu. Petroli na dizeli haziondoi vumbi hilo, bali hulisukuma ndani ya mikwaruzo.

Kranki ipimwe kila shingo. Ikisagwa, beringi zinunuliwe za saizi hiyohiyo, na njia zake zote za oili zipitishwe brashi nyembamba na upepo. Hedi ikaguliwe nyufa kwa dawa ya rangi, kwa uangalifu zaidi kati ya valvu mbili za silinda moja, kwani hapo ndipo hedi ya 1HZ iliyochemshwa hupasuka. Rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) zitakuonyesha kama imepinda. Mimi sivumilii zaidi ya milimita 0.10. Kama ufa ni wa kweli, nunua hedi nyingine, maana kuchomelea kunafanikiwa kwa wachache sana.

Ikitokea bloku haifai tena na unaweka nyingine, kumbuka kwamba namba ya injini imo kwenye kadi ya gari na mabadiliko hayo yanapaswa kufikishwa TRA. Fanya hivyo mapema, siyo siku unapotaka kuuza gari.

Kufunga

Fungia ndani, siyo chini ya mwembe. Kiangazi cha Dodoma kina upepo ambao hautaki ruhusa, na plastiki juu ya bloku kila unapokwenda kula si urembo.

Beringi za meni zipakwe oili, kranki ilazwe, vifuniko vifungwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kufuata kitabu cha kiwanda cha injini hii, siyo kwa uzoefu wa mkono. Kranki baada ya hapo izunguke kwa mkono bila kukwama popote. Kila ringi isukumwe kwanza ndani ya silinda yake kwa kutumia kichwa cha pistoni, nafasi kati ya ncha zake ipimwe kwa fila, na ikiwa ndogo kuliko karatasi inavyotaka, isuguliwe. Ringi zenye maandishi huangalia juu, na ncha za ringi zisipangwe mstari mmoja.

Boliti za hedi ziwe mpya. Hufungwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwanza kwa kipimo cha nguvu na kisha kwa pembe, na pembe hiyo haiwezi kukisiwa: weka tone la rangi kwenye kila kichwa cha boliti ili uone kimezunguka kiasi gani. Kama uso wa juu wa bloku umechongwa, pima pistoni zinavyotokeza kabla ya kuchagua gasketi.

Taiming belti, tensheni yake, sili za mbele na pampu ya maji vibadilishwe vyote kwa pamoja, hata kama vinaonekana vizuri. Belti ya 1HZ ikikatika, valvu hukutana na pistoni. Taa ya belti kwenye dashibodi huwaka kila kilomita 100,000, lakini taa hiyo hutegemea mita, na kwenye gari lenye miaka 30 mita huenda imeshabadilishwa mara mbili. Andika tarehe na kilomita kwa rangi kwenye kifuniko cha belti.

Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, na za kutoa moshi kati ya 0.35 na 0.45. Pampu ya dizeli na nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye benchi la kupimia. Pampu ikisharudi, asiguse mtu skrubu ya kuongeza dizeli.

Kuboresha: hewa, dizeli na maji kwanza

Wengi wakisikia kuboresha huwaza turbo. Mimi huanza na mpira mpya wa hewa wenye klipu za kweli, filta halisi inayokaa vizuri kwenye nyumba yake, na mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi paa, uliofungwa bila tundu la kupitisha hewa kwenye maungio. Mkonga huku hausaidii sana kwa maji, isipokuwa Bahi wakati wa masika, ila kwa vumbi unasaidia kila siku, kwa kuwa hewa ya kimo cha paa ni safi kuliko ile ya kimo cha matairi ya lori lililokutangulia. Filta usiipulize kwa upepo mkali wa kompresa, kwani upepo huo hutoboa karatasi vitundu usivyoviona.

Filta ya pili ya dizeli yenye kikombe cha kutenga maji ni ya lazima kwa anayejaza kwenye madumu vijijini. Rejeta ivuliwe na kusafishwa njia zake, au ibadilishwe, na mfumo ujazwe kulenti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, siyo ya bomba.

Kuhusu turbo, tambua kwamba Toyota hawakuwahi kuiweka kwenye 1HZ. Dizeli yao ya lita 4.2 yenye turbo ni 1HD-T, ambayo ilitengenezwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo na humwaga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, wakati 1HZ huiwasha kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, sehemu ambayo joto lake ni kali tangu mwanzo. Hata hivyo, turbo ya presha ndogo, psi 7 hivi, ina maana huku juu, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kurudisha hewa tuliyonyimwa na mwinuko. Masharti yangu ni matatu: injini iwe imeshatembea angalau kilomita 5,000 baada ya ovahoo, geji ya joto la moshi ifungwe kabla ya turbo na dereva aondoe mguu kwenye mafuta ikikaribia nyuzi 650 za Selsiasi, na oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila hadithi. Asiyetaka kununua geji asinunue turbo.

Kuwasha na kuilea

Jaza filta ya oili kabla ya kuifunga. Chomoa waya wa solenoidi ya dizeli, zungusha starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo uunganishe waya na kuwasha. Usiiache inanguruma sailensa siku nzima kama ilivyo desturi ya gereji nyingi, kwa maana ringi hukalia ukuta wa silinda kwa kusukumwa na presha ya kazi, na sailensa ndefu hung'arisha kuta kabla ringi hazijakaa. Ipe dakika chache za kukagua uvujaji, kisha ipeleke barabarani.

Barabara ya Kondoa inafaa kwa siku za kwanza: ongeza mwendo, punguza, tumia gia zote, usivute tela, usikae kwenye mwendo mmoja. Mwaga oili ya kwanza kilomita 500 na ya pili 1,000, na kila mara ichuje kwenye kitambaa kama ulivyofanya mwanzo. Kati ya hapo, kidole kirudi ndani ya bomba la hewa.

Kilomita 2,000 zikitimia, pima tena nafasi za valvu na presha za silinda zote sita, uziandike kwenye daftari lilelile, ukurasa unaotazamana na ule wa zamani. Kisha pakia mzigo wa kawaida, shika barabara ya Iringa kupitia Mtera, na uangalie geji ya joto la maji wakati unaupanda mlima Nyang'oro. Mshale ukipanda na kukataa kurudi, simama, na uanze kutafuta kwenye rejeta na klachi ya feni kabla ya kumlaumu aliyefunga hedi.